Supu ya Bi. Mwanaisha

Kaa kidogo unisikilize, wewe unayeanza kubeba bakuli mwezi huu. Najua una haraka. Kazi yetu haimpi mtu nafasi ya kukaa, na mimi mwenyewe nimekaa kwa sababu magoti yamekataa kuendelea. Nimehudumia wateja katika mgahawa mmoja wa Kivietinamu hapa North York, mjini Toronto, kwa miaka kumi na minne. Sitakueleza nililipwa nini wala nilipanda cheo gani, cheo hakikuwepo. Nitakueleza kazi yenyewe, halafu nitakueleza kosa langu moja, maana ndilo lililonifundisha kuliko mengine yote.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka Muheza, ambako nilikuwa karani wa posta, na sikuwahi kumbebea mtu chakula isipokuwa mume na wageni. Mgahawa ulikuwa umebanwa kati ya saluni ya kucha na ofisi ya kujaza fomu za kodi. Meza kumi na nane, viti vya plastiki, kuta za kijani, na madirisha ambayo kuanzia Novemba hadi Machi yalifunikwa na mvuke hadi usijue nje kunanyesha theluji au jua linawaka. Wenye mgahawa walikuwa mwanamke mmoja na ndugu zake, na mwanamke huyo ndiye aliyeniajiri. Nilimwita Chị Lan, yaani dada mkubwa Lan, kwa sababu wote mle ndani walimwita hivyo. Yeye aliniita em, mdogo wake, ingawa mimi nilikuwa na mwili wa kumtosha mara mbili.

Siku ya kwanza hakunitazama usoni. Alitazama viatu vyangu.

"Utaanguka," alisema. "Nenda nyumbani. Rudi na viatu visivyoteleza."

Nilikuwa nimesafiri kwa mabasi mawili. Nikapanda mengine mawili kurudi, nikaenda kununua viatu, na kazi nikaianza kesho yake. Wiki hiyo hiyo mhudumu mwingine, aliyekuja na viatu vya mpira vya mazoezi, aliteleza mlangoni mwa jikoni akiwa na mabakuli matatu ya supu ya moto. Alipona, lakini hakurudi. Kwa hiyo kabla ya kujifunza jambo lolote lingine, tazama miguu yako.

Chakula kikuu pale ni supu ya tambi za mchele, wenyewe wanaiita pho. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa tangu alfajiri pamoja na tangawizi iliyochomwa, vitunguu vilivyochomwa, mdalasini na kiungo kimoja chenye umbo la nyota. Nyama hukatwa nyembamba sana, huwekwa mbichi juu ya tambi, kisha supu inayochemka humwagwa juu yake, nayo nyama huivia humo humo. Sikiliza hapo vizuri. Maana yake ni kwamba upishi unamalizikia mikononi mwako. Ukisimama njiani kupiga soga, supu inapoa na nyama inabaki nyekundu. Mteja atakulaumu wewe wala si mpishi, na atakuwa na haki. Sahani ya machipukizi ya choroko, majani ya mrehani, ndimu na pilipili itangulie mezani, bakuli lifuate. Kidole gumba kikae nje ya bakuli. Nasema hivyo kwa sababu mwezi wa kwanza changu kilikuwa kinaoga supu mara kwa mara.

Kila chakula kilikuwa na namba, na namba zilitajwa jikoni kwa Kivietinamu. Nilizikariri ndani ya basi, midomo ikicheza, mpaka abiria waliokaa jirani nami wakahama viti. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nawajua wateja kwa namba zao. Manesi wa Kikenya waliotoka zamu na sare zao walikuwa kumi na sita. Madereva wa malori kutoka Brampton walikuwa thelathini na mbili, wali na kuku wa kuchoma, na waliumaliza kabla sijawaletea maji.

Adhuhuri hapakuwa na kiti. Mtu aliyekuja peke yake aliketishwa na mgeni asiyemjua. Hiyo nayo ni kazi ya kujifunza. Usimsukume mtu mezani pa mwingine. Muulize kwanza aliyekaa. Toronto watu wana adabu ya ajabu katika jambo hili. Anayeketi anaomba radhi kwa kuketi, na aliyekuwepo anaomba radhi kwa kuwepo. Wakishamaliza kuombana radhi wanainamia bakuli, na hutasikia neno tena.

Jikoni alikuwepo mpishi, kaka yake Chị Lan, tuliyemwita Bác Tâm, yaani baba mkubwa Tâm. Mtu mfupi, mkimya, mwenye redio ndogo aliyoifunga kwa utepe wa gundi. Alikuwa na sufuria tatu kubwa zilizokaa kwa mstari. Ya kwanza ya mifupa ya ng'ombe, ya pili ya kuku, ya tatu ya mifupa ya nguruwe kwa ajili ya tambi za aina nyingine ambazo Wavietinamu wazee walizipenda. Ng'ombe na kuku walinunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu ng'ambo ya maegesho, kwa sababu alikuwa karibu na kwa sababu wateja wengi walikuwa Waislamu wa upande wa barabara ya Dixon na waliuliza kama nyama ni halali. Nguruwe alikuja kwa gari jingine. Nyama yake ilikuwa na kisu chake na ubao wake, na kikaango chake peke yake. Hayo niliyaona kwa macho yangu wiki ya kwanza, na niliendelea kuyaamini kwa miaka tisa bila kuyaangalia tena.

Lazima nikueleze jambo la kwetu, ili uelewe kwa nini kosa hili lilinichoma. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Kila Krismasi alinunua mbuzi, na hakumchinja yeye. Alimwita jirani yetu Mwislamu aje achinje, ili majirani wote wa dini zote waweze kula bila wasiwasi. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliona ni aibu kumkaribisha mtu kwenye chakula asichoweza kukitia mdomoni kwa moyo mweupe. Kwa hiyo mteja Mwislamu aliponiuliza kuhusu nyama, mimi Mkristo nilimjibu kwa fahari. Nilikuwa na majibu yangu tayari. Niliyasema kama mtu anayesoma ratiba ya misa.

Mzee Salim na mkewe Bi. Mwanaisha walikuja kwa mara ya kwanza Jumanne moja ya mwezi wa Oktoba. Walikuwa watu wa Unguja, wanaishi kwenye moja ya maghorofa ya Dixon. Niliwasikia wakibishana kwa Kiswahili juu ya picha za chakula ukutani, mzee akimwonyesha mhudumu mwenzangu kwa ishara za mikono, nikawasogelea.

"Shikamooni."

Bi. Mwanaisha aligeuka taratibu. Alikuwa amevaa ushungi mweupe na koti lililomzidi, na nikaona kwamba koti halikununuliwa kubwa. Ni yeye aliyepungua.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe tuna mtu wetu humu. Salim, ishara za mikono basi, tupumzike."

"Nilikuwa nauliza bei," alisema mzee.

"Ulikuwa unamtisha yule binti."

Mzee alinieleza wakati mkewe anavua koti. Walikuwa wametoka hospitali. Alikuwa anapewa dawa za saratani kila Jumanne, na dawa zile zilimchubua kinywa na kumgeuza tumbo. Wali ulimshinda, uji ulimshinda, hata chai. Nesi mmoja Mkenya alimwambia ajaribu supu hii.

"Lakini nyama yao ikoje?" aliuliza Bi. Mwanaisha. "Niambie wewe, mwanangu. Wewe nitakuamini."

Nikamwambia. Ng'ombe na kuku ni wa mchinjaji Mwislamu. Nguruwe yupo, lakini anapikwa peke yake, kwa kisu chake na ubao wake. Kula bila wasiwasi, bibi.

Alikula nusu bakuli. Mzee Salim aliacha lake lipoe akimtazama yeye. Alipoweka kijiko chini, mzee alihesabu dakika kwa saa ya mkononi, na baada ya nusu saa, alipoona chakula kimetulia tumboni, alitoa kitambaa akajifuta paji la uso.

Wakawa wanakuja kila Jumanne. Niliwawekea meza ya pembeni, mbali na mlango na baridi yake. Nilimwambia Bác Tâm alainishe tambi zaidi na asitie pilipili. Bi. Mwanaisha alinitania kuhusu Kiswahili changu cha bara, mzee akanitania kuhusu Simba. Ulifika wakati akawa anamaliza bakuli zima. Mzee aliniambia kwamba daktari alikuwa amesema uzito ukishuka tena, dawa zitasimamishwa. Supu ile ndiyo iliyokuwa inaushikilia uzito. Wiki nzima alikuwa akiishi kwa vijiko viwili vitatu vya hiki na kile, na siku ya Jumanne akala.

Sasa nifike kwenye kosa.

Jumamosi moja kabla ya Krismasi tulijaa hadi foleni ikatoka nje. Kwa kawaida mhudumu haingii jikoni. Anasimama kwenye dirisha la jikoni, anapokea bakuli. Siku hiyo dirisha lilikuwa limeziba kwa sahani, nikaingia mwenyewe kuchukua oda yangu. Nikamwona Bác Tâm anachota kwa upawa kutoka sufuria ya tatu na kumimina katika ya kwanza. Upawa mmoja, wa pili, wa tatu. Akakoroga, akaonja, akaendelea na kazi.

Nilisimama na trei mikononi. "Bác, unafanya nini?"

"Imepungua," alisema. "Foleni ndefu. Hii tamu."

"Unafanya hivi kila siku?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa umri wake. "Si kila siku. Ikipungua tu."

"Jumanne?"

"Jumanne pengine. Pengine hapana."

Usimwone mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sufuria ile ilikuwa na ahadi juu yake. Ahadi niliitoa mimi, kwa Kiswahili, mezani, na sikuwahi kuipeleka jikoni. Alikuwa anapika kama walivyopika kwao: supu ikipungua, unaongeza supu.

Wateja walipopungua nilimweleza Chị Lan. Tulizungumza Kiingereza cha kuokota, yeye na mimi, lakini hilo lilieleweka haraka. Yeye ni Mbudha. Siku mbili katika kila mwezi wao hali nyama, na nimewahi kumwona akimwaga sufuria nzima ya mboga kwa sababu mtu alichovya kijiko cha samaki. Alikaa juu ya gunia la mchele.

"Sufuria ni yangu," alisema. "Nitairekebisha leo. Hakuna kuchanganya tena. Nitamwambia Tâm, na nitaandika ukutani."

"Na yule bibi?"

"Maneno ni yako, em. Hayo siwezi kukurekebishia."

Nilikuwa na siku tatu. Nakiri kwako kwamba siku mbili nilizitumia kutafuta sababu ya kunyamaza, na nilizipata nyingi. Sufuria imeshasafishwa. Hakujua, kwa hiyo hana dhambi. Nikimwambia ataacha kula, na akiacha kula dawa zitasimama. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Lakini kila nilipomaliza kuzipanga nilimsikia akisema, wewe nitakuamini.

Jumanne ilipofika nilimvuta mzee pembeni, karibu na kaunta, wakati mkewe anaketi. Nikamwambia yote. Rangi ilimtoka. Alishika ukingo wa kaunta.

"Leo ikoje?" aliuliza.

"Leo ni safi. Nimeiona ikitayarishwa tangu mifupa."

"Basi usimwambie."

"Mzee..."

"Mwanangu, nakuomba. Unajua amebakiwa na uzito gani? Akisikia hatatia kitu mdomoni hapa tena, na sina pengine pa kumpeleka. Kama kuna dhambi ya kumficha, nitaibeba mimi. Mgongo wangu bado mzima."

Nikakubali. Nataka ujue kwamba nilikubali. Nilipeleka sahani ya majani, nikapeleka mabakuli mawili, na nikaenda meza nyingine nikijiambia kwamba mumewe ndiye ameamua.

Bi. Mwanaisha aliniita kabla sijafika mbali. Alikuwa ameonja vijiko viwili. Ulimi wake, ulioungua kwa dawa, ulikuwa umegundua tulichodhani hakuna atakayegundua.

"Supu ya leo si ile. Ina wepesi. Mmepunguza nini?"

Nilimtazama mzee. Mzee alitazama bakuli lake. Kulikuwa na watu wanne kwenye meza ya jirani, mtoto analia, namba zinaitwa dirishani, na mama huyu amesimamisha kijiko hewani akinisubiri.

Nikapiga goti kando ya kiti chake, na nikamwambia. Nilimwambia ninachojua na nisichojua: kwamba mpishi alikuwa akiongeza supu ya nguruwe ikipungua, kwamba sijui ni Jumanne zipi, kwamba leo haimo.

Aliweka kijiko juu ya kitambaa, polepole, pasipo kelele.

"Ulinipa neno lako."

"Ndiyo, bibi."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Sikuwa nimetazama."

Mzee akanyoosha mkono, Bi. Mwanaisha akaurudisha taratibu mezani kama unavyorudisha kitu kwa mwenyewe.

"Kwa hiyo hukunidanganya," alisema. "Ulinihakikishia usichokijua. Hilo nalo ni kosa la namna yake." Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa umeshaambiwa. Nimekuona pale kaunta. Miaka arubaini na moja, Salim, bado hujui kuficha uso."

Walivaa makoti wakaondoka. Bakuli lake lilikuwa limejaa. Nilipolibeba kurudi jikoni lilikuwa bado linafuka mvuke, na Chị Lan alilipokea bila kuniuliza.

Jumanne iliyofuata hawakuja. Ya pili hawakuja. Nilifanya kazi, nilitabasamu, nilibeba kumi na sita na thelathini na mbili. Kila mlango ulipofunguka niligeuka. Sikuwa na namba yao ya simu, na hata ningekuwa nayo sijui ningesema nini. Nikawa nahesabu kichwani: wiki moja bila kula, wiki mbili.

Jumanne ya tatu Mzee Salim aliingia peke yake, saa nne asubuhi, kabla hatujafungua vizuri. Alikuwa na chupa ya chai, ile kubwa ya maua, na theluji mabegani. Nilimwamkia, akaitikia, akaiweka chupa juu ya kaunta.

"Amenituma," alisema. "Anasema anaitaka ile supu. Lakini ana sharti."

"Lipi, mzee?"

"Anasema yule binti asimame mwenyewe penye sufuria. Tangu mifupa inaingia mpaka chupa inafungwa. Asiambiwe na mtu. Aone."

Chị Lan alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimtafsiria. Alikwenda stoo akatoa sufuria ndogo mpya, ikiwa bado na karatasi ya dukani, akaibandua karatasi kwa kucha.

Tangu siku hiyo kila Jumanne nilifika kazini alfajiri, mapema kwa saa tatu kuliko zamu yangu. Nilivuka maegesho, nikachagua mifupa kwa mchinjaji, nikaileta jikoni na kuiosha. Bác Tâm alinionyesha jinsi ya kuimwagia maji ya kwanza yanayochemka na kuyamwaga, jinsi ya kuengua povu bila kukoroga, jinsi ya kuchoma tangawizi hadi ganda liwe jeusi. Alinifundisha kwa kunishika kifundo cha mkono, maana Kiingereza chake kilikuwa kidogo kuliko changu. Saa nne mzee anakuja. Nilikuwa namwambia, "Nimesimama, mzee," naye anasema, "Nitamwambia."

Bi. Mwanaisha alikula hadi mwisho wa majira ya baridi. Uzito haukupanda, lakini uliacha kushuka, na dawa hazikusimamishwa kwa sababu ya chakula. Zilisimamishwa baadaye kwa sababu nyingine, ugonjwa ulipofika mahali ambapo dawa hazina kazi tena. Wiki mbili za mwisho alikunywa maji ya supu tu, kwa kijiko cha chai. Alifariki theluji ilipokuwa inayeyuka. Nilikwenda msibani pale Dixon, ghorofa ya kumi na moja, viatu vimejaa ukumbini. Wanawake waliokuwa wakipika walinitazama, hawanijui. Mzee Salim akawaambia, "Huyu ndiye mwenye ile supu," nao wakasogea wakanipa nafasi na kisu cha kumenyea vitunguu.

Sikuwahi kuambiwa kama nimesamehewa, na sikuuliza. Yapo mambo ambayo kwa kazi yetu unayaacha mezani yalipo.

Kiasi cha miezi miwili baadaye, Jumanne, mzee aliingia adhuhuri katikati ya watu. Nilimwomba mwanafunzi mmoja ampishe, wakaombana radhi. Mzee akasema anataka bakuli dogo.

"Iko vipi leo?" aliuliza.

Jibu nilikuwa nalo. Tangazo la Chị Lan lilikuwa ukutani, Bác Tâm hakuwa amechanganya tena tangu siku ile, na mimi ningeweza kumjibu nikiwa pale pale na trei yangu. Meza sita zilikuwa zinanisubiri. Nikamwambia, "Nipe dakika moja, mzee," nikaingia jikoni.

Alinisubiri, mikono yake juu ya meza, bila kuchukua vijiti, mpaka niliporudi.

Kwa hiyo wewe unayeanza, ukiulizwa kilichomo ndani ya chakula, usijibu hapo hapo hata kama jibu unalijua. Mwombe mteja dakika moja. Ingia jikoni, muulize anayepika leo, itazame sufuria kwa macho yako, kisha rudi umwambie.